Fyuzi ya Salome

Mwalimu Vang alipofariki, aliyepigiwa simu ni mke wangu Salome, si mimi, na hilo peke yake lilitosha kunichoma. Mimi ndiye niliyeifanya kazi aliyotufundisha. Miaka ishirini na mbili nimekuwa nikitengeneza pampu za dripu na mashine za kupimia mapigo ya moyo katika hospitali moja ya mji wa Saint Paul, wakati Salome ameishia kwenye nyumba za kutunzia wazee. Lakini mtoto wa marehemu alipotafuta namba, alitafuta ya Salome. "Baba alikuwa akikutaja sana," nilimsikia akisema, maana simu ya Salome ina sauti ya kusikika hadi kwa jirani, nami nilikuwa pale pale jikoni nakatakata vitunguu, na mimi sikutajwa. Nina miaka hamsini na minne. Nilisimama na kisu mkononi nikamwonea mke wangu wivu juu ya maiti. Nasema mapema ili msomaji asidhani anasimuliwa na mtu aliyekwisha kupona.

Mwalimu alikuwa Mhmong, kabila la milimani kule Laos, na Wahmong hawana haraka na marehemu wao. Msiba wao ni wa siku kadhaa, zumari za mianzi zinalia, ngoma inapigwa, na chakula hakikatiki. Tulikwenda Jumamosi mchana, kwenye ukumbi mmoja mtaa wa Frogtown, tukakaribishwa meza ndefu, tukaletewa wali, nyama ya nguruwe ya kuchemsha na pilipili iliyonitoa machozi kabla sijapata nafasi ya kulia kwa sababu nyingine. Pembeni walikuwa wamepanga vitu vyake: miwani, kioo cha kukuzia, mita yake ya zamani ya kupimia umeme, na kipande cha ubao kilichogongomewa fyuzi moja, kile kibomba kidogo cha kioo, kimeungua na kuwa cheusi ndani. Chini yake kulikuwa na jina lililoandikwa kwa kalamu: Salome. Yule mtoto wa marehemu, mtu mzima mwenye mvi, akatueleza kwa fahari kwamba ubao ule ulikaa ukutani darasani miaka yote. Kila siku ya kwanza ya muhula baba yake aliushusha na kuwaambia wanafunzi wapya: hii iliunguzwa na mwanafunzi bora kuliko wote niliowahi kufundisha, kwa hiyo kama yeye alisahau, na ninyi mtasahau.

Salome akaushika ubao, akacheka kidogo. "Kumbe nimekuwa mfano," akaniambia kwa Kiswahili. "Mfano mbaya." Nami niape hapa kwamba nilichosikia kwanza moyoni hakikuwa aibu. Kilikuwa wivu. Jina lake limekaa ukutani miaka ishirini na mbili, langu halimo hata kwenye droo, na kosa lenyewe lilikuwa langu mimi. Aibu ilikuja baadaye, ikanikuta nimeshakunja sura.

Mwaka ule wa masomo tuliishi Richfield, ghorofa ya pili ya jengo la matofali, karibu sana na uwanja wa ndege. Ndege ikipita tulinyamaza katikati ya maneno, ikishapita tukaendelea palepale tulipoishia. Sitaeleza tulivyofika Marekani. Kila mtu ana hadithi hiyo na zote zinafanana. Hatukuwa na mtoto bado. Tulikuwa na sebule kubwa kuliko mahitaji yetu na meza ya kulia tuliyoiokota kando ya barabara mtu alipohama, mguu wake mmoja mfupi, nikauwekea kitabu kikuukuu cha namba za simu. Juu ya meza ile tulikula ugali na dagaa, tukasomea, na tukafanyia mazoezi ya umeme, na mara nyingi vyote vitatu vilikuwa mezani kwa wakati mmoja, mpaka Salome akawa anatoa vipande vya waya kwenye mboga na kuviweka pembeni ya sahani bila kusema neno.

Inabidi mjue kwamba Morogoro mimi nilikuwa fundi redio, na sikuwa fundi wa kubabaisha. Watu walivuka mitaa mitatu kunifuata. Redio imekufa, naifungua, nanusa, nagonga hapa, nagusa pale, nabadilisha kitu kimoja baada ya kingine mpaka iseme. Sikuwa na mita. Kwangu mita ilikuwa fimbo ya vipofu. Nilipojiandikisha katika chuo cha ufundi Saint Paul, kozi ya mwaka mmoja ya vifaa vya elektroniki, nilikwenda kama mtu anayekwenda kuchukua cheti chake alichokisahau ofisini. Darasa lilikuwa mara tatu kwa wiki, saa tisa alasiri hadi saa kumi na mbili. Mimi alfajiri nilisafisha ndege, Salome alihudumia wazee karibu na chuo na kutoka shifti saa nane. Gari lilikuwa moja. Kurudi Richfield kwa basi ni kubadilisha mara mbili na, theluji ikija, kusimama kituoni hadi vidole vife ganzi, kwa hiyo akaamua kunisubiri darasani. Akakaa kiti cha nyuma kabisa, na sare yake ya kazi, na kopo lake la wali na maharage.

Wiki ya pili Mwalimu Vang akasimamisha somo. Alikuwa mtu mfupi, sauti ya chini, Kiingereza chake cha kujifunzia ukubwani kama chetu. "Huyo anayekula nyuma ni nani?" akauliza. Nikamwambia ni mke wangu, ananisubiri. "Kama anasubiri, asubiri na kitu mkononi," akasema, akamwendea na kiganja kilichojaa rezista, vile vidude vidogo vya kuzuia umeme usipite wote, vyenye mistari ya rangi, na kila rangi ni namba. Akamweleza rangi mara moja tu, akamwambia azipange. Darasa lilipokwisha Salome alikuwa amezipanga zote juu ya mfuniko wa kopo lake, ndogo hadi kubwa, na nne ameziweka peke yake. Mwalimu akauliza hizo nne zina nini. "Hizi zinasema uongo," Salome akajibu. Alikuwa ameazima mita ya mwanafunzi wa jirani, akapima kila moja. Rangi zinadai mia mbili na ishirini, mita inasema mia tatu na zaidi. Mwalimu akazitazama, akacheka mpaka akavua miwani. Wiki ile ile Salome akaandikishwa. Nilijivunia, jamani, nilijivunia kweli, kwa muda wa siku tatu hivi.

Siku ya nne nilipewa bodi ya kifaa kibovu, lile bamba linalobeba vidude vyote, mbele ya darasa. Nikaichunguza kwa macho kama nilivyozoea, nikashuku rezista moja, na kwa kuwa nimelazimishwa kutumia mita, nikagusa ncha huku na huku. Rangi zilisema elfu kumi, mita ikaonyesha elfu nne. "Imeungua," nikatangaza, nikageuka kurudi kwenye kiti changu kama mtu aliyemaliza. Nyuma kule Salome akanyoosha kidole. Akasema yeye hajui, anauliza tu, lakini rezista ikiungua kwa kawaida si namba yake inapanda badala ya kushuka? Na pia, kwani umeme hauwezi kuwa unapita njia nyingine, kwenye vitu vingine vilivyomo kwenye bodi, ndipo mita ikajumlisha njia zote? Mwalimu alinipa chuma cha kuyeyushia risasi akaniambia niinyanyue mguu mmoja rezista ile, itoke kwenye bodi upande mmoja. Nikanyanyua. Nikapima. Elfu kumi kamili. Darasa zima likageuka kumtazama Salome, na mimi nikabaki na chuma cha moto mkononi.

Kwenye gari alikuwa akiimba wimbo wa kwaya kwa sauti ya chini. Tulipofika njia ya kuelekea uwanja wa ndege akaniuliza, "Umekasirika?" Nikasema nimechoka. "Basi mimi sitasema tena darasani," akasema. Nikamwambia asiwe mtoto, aseme anachotaka. Lakini niseme ukweli, aliposema hatasema tena nilipata nafuu kifuani, na aliposema wiki iliyofuata nafuu ile ikaisha, kwa sababu hakuweza kujizuia. Vitu vile vilimpendeza. Aliviongelea akimenya viazi. "Elia, hii kapasita bwana inanishangaza. Umeshazima kila kitu, yenyewe bado imebana umeme wake tumboni inakungoja." Kila alipotaka kupima bodi yenye kapasita kubwa aliitua mzigo wake kwanza, akiiambia "pole mama, shusha," huku mimi nikipigwa shoti mara mbili mwezi mmoja kwa sababu fundi wa Morogoro hawezi kukumbushwa mambo na mke wake.

Wivu wa mume kwa mke wake ni ugonjwa wa ajabu, maana huwezi kumwambia mtu. Ukimwonea wivu mfanyakazi mwenzio utapata wa kukusikiliza, hata wa kukusaidia kusengenya. Mimi ningekwenda kumlilia nani kwamba mke wangu ana akili? Nikawa naumwa na mambo madogo. Nilikereka alivyoshika ncha za mita, kidogo tu, kwa vidole viwili. Nilikereka kwamba daftari lake lilikuwa safi. Jioni moja nikiwa bafuni napiga mswaki nikamsikia akiongea na Wambui, Mkenya aliyefanya naye kazi. Wambui alikuwa anamtania, "Aki Salome, si utakuwa engineer sasa, utatuacha hapa tukibadilisha mashuka." Salome akacheka. "Mie wapi," akasema. "Ni Elia ananifundisha. Kila kitu ananionyesha yeye hapa nyumbani." Sikuwa nimemwonyesha kitu hata kimoja tangu darasa lianze. Nikatema povu, nikajitazama kwenye kioo. Alikuwa ananifichia aibu yangu kwa watu, na kwangu mimi ile ilikuwa dharau kuliko angenicheka. Leo naona ulikuwa wema mtupu.

Sasa niseme habari ya mita, maana hapo ndipo penyewe. Kila mwanafunzi alikuwa na mita yake. Sisi tulinunua moja ya watu wawili. Mita ina nyaya mbili, mweusi na mwekundu. Mweusi haubanduki kwenye tundu lake. Mwekundu una matundu mawili: moja la kupimia volti na ukinzani, jingine la ampea, yaani kupima umeme wenyewe unaopita, na hapo umeme unapitia ndani ya mita kama maji ndani ya bomba. Ukimaliza kupima ampea ni lazima uuhamishe mwekundu. Ukiusahau huko, kisha ukagusa ncha kwenye chanzo cha umeme ukidhani unapima volti, ni sawa na kuunganisha pande mbili za chanzo kwa kipande cha waya. Fyuzi ya mita inalipuka, na ukiwa na bahati mbaya unaunguza na kile unachokipima. Ndiyo maana wenzetu walifundishwa kuangalia matundu kila mara kabla ya kugusa. Sisi hatukufuata hilo, kwa sababu mita ilikuwa ikipita mkono hadi mkono mara ishirini kwa siku. Tukajitungia sheria yetu: anayempa mwenzake mita, ampe mwekundu ukiwa nyumbani, kwenye tundu la volti. "Uko nyumbani?" "Uko nyumbani." Ilipofika Januari hatukuulizana tena. Salome alipokea mita kutoka kwangu kama anavyopokea sahani, bila kuiangalia. Mwalimu alituonya mara moja kwamba mita haina ndoa. Tulicheka.

Theluji ilipoanza kuyeyuka ikaja habari kwamba karakana ya vifaa ya hospitali inatafuta mtu mmoja wa kujifunzia kazi, na kwamba bwana wa hospitali atakuja mwenyewe kuangalia mtihani wetu wa vitendo. Darasa lote lilijua ni mimi au Salome. Nyumbani hatukulizungumza. Tuliongea habari za mafuta ya gari, za mchicha wa barafu usio na ladha, za nani kafiwa Morogoro. Usiku mmoja tu, taa imeshazimwa, Salome akasema, "Yeyote atakayepata, ni sisi tumepata." Nikasema ndiyo. Niliikodolea macho dari hadi saa ya kwenda kusafisha ndege.

Siku ya mtihani nilitoka kwenda kunywa maji. Kwenye korido, karibu na mashine ya kahawa, Mwalimu Vang alikuwa amenipa mgongo, anaongea na yule bwana wa hospitali. "Mume anatengeneza," alisema kwa ile sauti yake ya chini. "Mke anaelewa. Kama ni mmoja, mimi ningemchukua mke." Nilirudi bila kunywa maji. Sijui nilitembeaje. Nakumbuka tu nilikuwa na hasira na sakafu, na milango, na Mungu aliyenipa mikono kisha akampa mwanamke wa kiti cha nyuma kile kingine nilichodhani ninacho.

Kwa kuwa tulikuwa na mita moja, mimi niliitwa kwanza, yeye baada yangu. Kituo changu cha mwisho kilikuwa kupima ampea. Nikapima vizuri, nikaandika jibu, lilikuwa sahihi. Nikazima mita, nikashika waya mwekundu niurudishe nyumbani. Salome alikuwa mlangoni tayari, ameshakunja mikono ya sare, anamwambia Mwalimu kitu na Mwalimu anatabasamu. Nilikuwa nimeshauchomoa nusu. Nikausukuma ndani tena, kwenye tundu la ampea, mpaka nikausikia umekaa. Haikuchukua hata muda wa kumeza mate. Kisha nikamkabidhi mita, naye akaipokea bila kuiangalia. Akanigusa kiwiko, akasema, "Niombee."

Ulisikika mlio mdogo tu, tap, kama mtu kavunja kijiti. Kipande cha bodi ya mtihani kikatoa moshi. Salome alibaki ameshika ncha hewani. Sheria ya darasa ilikuwa wazi na ilibandikwa ukutani: ukiunguza, umeanguka. Mwalimu akaichukua mita mkononi mwa Salome, akaangalia matundu, akamwangalia yeye, na nafikiri aliumia kuliko alivyoonyesha. "Hospitalini hiyo ingekuwa mashine ya mgonjwa," akasema. Salome akajibu, "Ndiyo, Mwalimu." Hakunitazama. Hakunitafuta hata kwa jicho, kwa sababu haikumjia kabisa kwamba kulikuwa na mtu wa kutafuta.

Kwenye gari alilia, kisha akaniomba radhi. Alisema nimsamehe kwa kunitia aibu mbele ya bwana wa hospitali, huenda na mimi nikakosa kwa ajili yake. Mimi, Elia, nikiwa na mikono miwili kwenye usukani, nikamwambia, "Usijali, hutokea. Siku nyingine uangalie." Wiki mbili baadaye nikaitwa kazini. Salome akapika pilau ya kuku, akatandika kitambaa juu ya meza ile mbovu, akafumba macho na kuomba kabla hatujala. Akamshukuru Mungu kwamba Elia hakukosea. Nilisema amina na kula sahani mbili. Mwalimu Vang alimpigia mara tatu kumwambia arudie Septemba. Akakataa. Aliniuliza mimi naonaje, nikamwambia ni uamuzi wake, nikijua kabisa kwamba neno langu moja lingemrudisha darasani. Mwaka uliofuata Neema akazaliwa, na habari ya umeme ikabaki kwangu peke yangu.

Sasa turudi Jumamosi ya msiba. Mtoto wa marehemu alisisitiza Salome auchukue ule ubao, kwa hiyo tuliondoka Frogtown ameupakata. Pale University Avenue tukasimama kungoja treni ipite. "Unajua kinachonisumbua?" akasema. "Nakumbuka kila kitu cha siku ile. Nakumbuka viatu nilivyovaa. Lakini sikumbuki kusahau." Treni ikapita, taa ikawa ya kijani, nyuma yangu wakapiga honi. Nikaingiza gari kwenye uwanja wa duka moja la vyakula nikazima injini.

"Hukusahau," nikamwambia.

"Nini?"

"Hukusahau kitu. Mita nilikupa mimi, mwekundu ukiwa kwenye ampea."

Akanigeukia. Sura yake ilianza kulegea, karibu kucheka. "Kumbe ulisahau wewe," akasema. "Baba Neema, miaka yote hii?"

Alikuwa amenifungulia mlango na ulikuwa wazi kabisa. Ningesema ndiyo, nilisahau, niliona aibu kusema, tungecheka hadi nyumbani na angenisamehe kabla hatujafika. Nilikuwa nimeshafungua kinywa. Sijui ni nini kilichonishika. Labda nilichoka kuwa mtu ninayemjua peke yangu. "Sikusahau," nikasema. "Niliuchomoa nusu, nikaurudisha. Nilikuonea wivu, Salome. Nilikuwa nimekuonea wivu mwaka mzima."

Mama mmoja alipita mbele ya gari akisukuma toroli la sokoni lenye gurudumu bovu, likiyumba. Salome alimfuata kwa macho hadi alipopakia vitu vyake vyote na kuondoka. Halafu akasema, "Twende nyumbani."

Nyumbani aliketi jikoni bila kuvua koti. Nikamuuliza kama nimwekee chai, akaniambia nikae. Alianza kuongea polepole, akiangalia mikono yake. Akasema kazini wanamcheka kwa sababu anahesabu vidonge vya wazee mara tatu kabla ya kuwapa, na akishawapa anarudi kuhesabu vilivyobaki. Nilijua. Akasema mara mbili walitaka kumfanya msimamizi wa shifti, akakataa mara zote mbili. Hilo sikulijua. "Nilikataa kwa sababu najijua ni mtu wa kusahau," akasema. "Nikawaambia, mimi nikipewa watu wote hawa nitamuua mmoja. Kazi uliyoipata wala sikuililia sana, Elia." Hakuwa ameniita Elia tangu Neema azaliwe. "Kazi ni kazi. Lakini uliniacha nikiamini kwamba mimi siaminiki. Nimeishi na mtu huyo miaka ishirini na mbili, na hayupo. Ulimtengeneza wewe."

Nilitaka kusema nisamehe, akainua kiganja.

"Neema alipomaliza sekondari alitaka kusomea umeme," akasema. "Unakumbuka? Alikuwa anafungua kila kitu humu ndani. Nikamkalisha hapa hapa. Nikamwambia, mwanangu, umenirithi mimi, una akili lakini unasahau, tafuta kitu kisichoweza kuua mtu. Akalia, akanisikiliza, akaenda kusomea mambo ya ofisi, na kila likizo anarudi amenyong'onyea nami namwambia atazoea." "Nilimwambia mtoto wangu kwamba ana kasoro yangu. Ninayo kasoro gani, Elia? Nitajie."

Akachukua simu yake, akapiga, akailaza mezani kati yetu. Neema akapokea kwa Kiingereza chake cha haraka, akauliza kuna nini, msiba ulikwendaje. "Baba yako ana jambo la kukueleza," Salome akamwambia. "Usikate mpaka amalize." Kisha akasogeza kiti chake karibu, koti bado mwilini, akanikazia macho na kungoja nianze.